Ukufi wa Ma Mkubwa

Jumapili, usiku

Mikono bado yanuka kitunguu thomu, na nimeisugua kwa ndimu mara mbili. Leo nimetimiza miezi mitatu kwenye chama. Nimeona niandike kabla ya kulala, maana jambo la mchana wa leo sitaki linipotee.

Jirani yangu hapa Tudor aliponialika mara ya kwanza, nilikuwa na swali moja tu: mchango ni shilingi ngapi? Mombasa hii ukiambiwa chama, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Akacheka. Chama chao hakina mzunguko wa pesa. Kila mwezi huchagua kitabu kimoja cha mapishi, kila mtu akatafuta chakula chake humo na kukipika kwake nyumbani, kisha Jumapili ya mwisho hukutana kwa mmoja wao, zikazunguka sahani. Sharti ni moja: mara ya kwanza upike kama kitabu kinavyosema. Ukiwa na ujuaji wako, subiri mara ya pili.

Nilikubali upesi, na sababu yenyewe naona haya kuitaja. Mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale, sijui kupika. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akinifukuza jikoni. "Nenda kasome. Moshi huu hauendi popote." Nikasoma kweli. Yeye akatangulia, na mchuzi wake akaenda nao. Tangu hapo nimeishi kwa viazi karai vya njiani na mahamri ya kununua, na wageni wakija naagiza biriani, naihamishia kwenye sinia langu na kunyamaza.

Kitabu cha mwezi wa kwanza kilikuwa cha Uingereza, cha mitumba, kurasa zimegandana kwa sukari ya mwenyewe wa zamani. Kikasema siagi iwe na joto la chumba. Chumba kipi? Kaskazi hii, siagi ikitoka kwenye friji jikoni kwangu, ukigeuka kuosha mwiko unarudi unakuta mafuta. Kikasema tena donge la mkate lifunikwe saa nzima mahali penye joto. Nikatii, si ndiyo sharti. Nusu saa haijatimia, lilikuwa limeinua kitambaa na linashuka ubavuni mwa bakuli kama mtu anayetoroka deni. Aliyeandika kitabu kile alikuwa akilitafuta joto. Mimi ningelitafutia donge langu kivuli.

Mwezi wa pili tukapika vyakula vya Kihindi. "Kaanga vitunguu kwa dakika tano mpaka viwe rangi ya dhahabu." Niliweka saa ya simu. Dakika 5, vitunguu vyeupe pe, mimi navyo sote tunatoa machozi. Vilipokubali kugeuka ilikuwa dakika ya 28. Nilidhani kosa ni langu, kumbe tulipokutana kila aliyekaanga vitunguu alikuwa na malalamiko yale yale. Waandishi wa vitabu vya mapishi, kwa jambo hili la vitunguu, ni waongo, na sijui wanamwogopa nani.

Hata hivyo siwezi kukisema vibaya kitabu, kwa sababu ukikiuliza hakikutazami kwanza. Muulize mtu wa hapa tui jepesi na tui zito hutiwa lipi mwanzo, utasoma usoni mwake: na wewe ni mtoto wa nani? Kitabu kilinieleza bila kunipima. Jepesi hutangulia na viungo likachemka, zito huingia mwishoni kwa moto mdogo, na mwiko usisimame, lisije likakatika. Nikakuna nazi mwenyewe, nikaumia kidole kwenye mbuzi, nikachoma samaki wawili, changu, kwenye makaa na kuwapaka tui. Ma Mkubwa, dada yake Mama, ninayekaa naye, alionja asiseme neno. Kisha akamega tena. Kwake hiyo ni hotuba.

Mwezi huu hatukuchagua kitabu. Tulikubaliana tuandike daftari letu wenyewe, tuanze na mahamri, nami nikatumwa nimlete Ma Mkubwa. Alikuja kwa shingo upande. "Mahamri ya kuandikwa? Makubwa haya." Lakini alikuja na kopo lake la bati, kuukuu, analoliita kibaba. Msichana mdogo kuliko sote akashangaa, yeye alijua kibaba ni cha kwenye methali tu. Basi tukasomeshwa pale pale: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na mtu akikuuzia kibaba kisichofika ukingoni mrudishie.

Unga tukaupima vizuri, kopo kwa gramu. Taabu ikaja kwenye sukari. Sukari yake ni ya ukufi. Anakunja kiganja, anachota, anamimina, na huku anazungumza habari nyingine kabisa.

"Ma Mkubwa, ukufi mmoja ni kiasi gani?"

"Ni ukufi."

Jirani akaleta mizani yake ndogo ya betri, akaweka bakuli juu yake. Tukamwomba amimine humo kwanza. Gramu 58. Tukaandika. Mmoja wetu akasema kiganja si kipimo, arudie. Akachota tena, anatusimulia arusi moja ya Kuze ambapo mchele ulitoka mbichi: 57. Mara ya tatu hata hakutazama bakuli: 58.

Jikoni kukawa kimya. Yeye ndiye aliyeshangaa tunashangaa nini. Niliutazama mkono ule, kucha zina rangi ya hina inayofifia, kidole gumba kimelala pembeni kufunga mwanya, na nikajua nimeliona pozi hilo mahali pengine, mlangoni, nikiwa na daftari la shule kwapani.

Nikaomba nijaribu. Ukufi wangu wa kwanza ulikuwa gramu 41. Nikatia bidii: 66, na nyingine mezani. Ma Mkubwa akaikusanya ile iliyomwagika kwa ukingo wa kiganja, hata chembe haikubaki, akairudisha mkebeni na kufunika.

"Wewe, mwanangu," akasema, "andika 58."