Kwa nini watu ninaowachora wamenipa mgongo

Kila nikionyesha picha mpya, hakosi mtu wa kuuliza: mbona watu wako hawana nyuso?

Bibi aliyenilea, hapa mtaani Mkomani, Lamu, hakupenda picha za viumbe. Akiniona nachora mtu huniuliza, "Na roho utamtia we?" Jibu sina. Basi nikawa namgeuza mtu wangu, nachora kisogo, na bibi akanyamaza. Siku hizi sigeuzi kwa hofu, nimenogewa. Buibui lilivyokamatwa kwa nyuma lisiburure, kikoi kilicholowa hadi magotini, bega la mchukuzi lililolala upande mmoja, hayo hayaonekani ukikodolea uso. Punda naye ni vivyo hivyo. Mtu wa Lamu, kwa uchochoro wetu ulivyo mwembamba, humjua punda kwa matako.

Umbo la picha zangu limetoka kwenye nyumba za mawe. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina kikomo chake, upana wa chumba kwa kawaida haufiki mita 3. Kirefu ni urefu wake tu. Nakata karatasi kwa kipimo hicho, ukanda mrefu, na ndani yake nabana mtaa mzima.

Rangi nimezikopa Siyu, kisiwani Pate, ambako waandishi wa zamani walinakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Nami sivuki rangi hizo tatu. Bluu ya bahari? Hapana. Bahari naiacha karatasi tupu.

Jua linalozama nyuma ya tanga silichori. Wenzangu wanalichora, wageni wananunua, watoto wanakula, sina neno. Mimi jahazi nalipenda likiwa juu ya magogo kijijini Matondoni, fundi amechuchumaa ubavuni anagonga kalafati, kuziba nyufa za mbao. Hapo ndipo unapoyaona vizuri yale macho yaliyopigiliwa omoni, mbele ya chombo, duara la mbao lililopakwa rangi. Katika kazi yangu yote, vyombo ndivyo pekee vyenye macho, na huwa nayachora makubwa kuliko yalivyo.

Majuzi mchapishaji wa vitabu vya watoto aliniambia watoto wanataka macho. Nikampelekea mashua tano. Mashua amezikubali, juu ya mvuvi bado tunavutana.