Mkokoteni chini ya mwembe

Hadithi ninayoiandika tangu mwezi Machi ilianza na gari: “Gari lililokuwa limeegeshwa chini ya mwembe lilikuwa la marehemu babu.” Nilipoisoma tena niliona kwamba babu wa aina ile asingemudu kununua gari, nikampa baiskeli, na kwa kuwa lugha yetu haikubali neno moja libadilike peke yake, sentensi nzima ikalazimika kulifuata: iliyokuwa, imeegeshwa, ilikuwa ya. Kesho yake nikamfanya babu kuwa muuza maji, nikampa mkokoteni, na viambishi vyote vikageuka upya. Jioni tatu zikaisha hivyo, na mali yangu yote ilikuwa mstari mmoja safi.

Ugonjwa wangu katika rasimu ya kwanza ni huo wa kusahihisha kabla sijawa na cha kusahihisha. Shuleni insha yenye maneno yaliyokatwa ilipunguziwa alama, nami nadhani hofu ile haijanitoka hata baada ya mvi kuniota. Kompyuta nayo huichochea, kwa maana kitufe cha kufuta hakiachi kovu, na mtu anaweza kufuta usiku kucha akidhani anaandika.

Ngũgĩ wa Thiong’o, alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kikikuyu kwenye karatasi za chooni. Sithubutu kuifananisha sebule yangu na seli yake. Hata hivyo hujiuliza ni mara ngapi mtu angeweza kuibadilisha sentensi moja juu ya karatasi kama ile.

Basi nikanunua kaunta buku na kalamu ya wino, nikajiwekea sharti la kutochana ukurasa wala kukata mstari hadi hadithi ifike mwisho. Matokeo yake yanatia aibu. Babu aliyekuwa marehemu katika sentensi ya kwanza anaonekana ukurasa wa 19 akimkemea mjukuu wake kwa kuchelewa kisimani, nami sikumzuia, kwa sababu kemeo lake ndilo jambo hai kuliko yote niliyoyaandika mwaka huu. Jina la ule mti anaoushika msukuma mkokoteni lilinipotea, nikaandika kwenye mabano “waulize wauza maji” na kuendelea.

Sijawauliza bado. Jana usiku nilifika ukurasa wa 31.