Nilivyopanga nyimbo za bendi kwa sherehe ya dansi ya kantri

Bendi yetu ilipokubali kupiga kwenye sherehe ya dansi ya kantri, ule muziki wa Kimarekani wenye asili ya mashambani, kazi ya kupanga nyimbo iliniangukia mimi, mpiga besi. Mwenye sherehe alikuwa ametueleza jambo moja tu, nalo likaamua mengine yote: wageni wake wengi ni wachezaji hasa. Wamejifunza hatua, wana viatu vyao maalumu, na hawaji kukaa vitini wakatusikilize.

Sasa, sisi wapenzi wa kantri tunajuana. Ukituuliza nyimbo bora, tunaanza na za kilio. Mwimbaji wetu aliweka juu kabisa ya mapendekezo yake "He Stopped Loving Her Today" ya George Jones, ya mwaka 1980. Ni wimbo mzito, na yeye anauimba mpaka unasisimka. Lakini ni wimbo wa mtu aliyeacha kupenda siku alipokufa, nao unakwenda polepole, umejaa masimulizi. Mwenye viatu vya dansi atausimamia wapi? Tulikubaliana auimbe wakati wa chakula, watu wakiwa mezani. Akaridhika, na kusema kweli pale ulipata wasikilizaji wazuri kuliko ambavyo ungepata kwingine kokote.

Orodha yenyewe sikuipanga kwa majina ya wanamuziki wala kwa miaka. Niligawa karatasi kwa aina za dansi: tustepu, walzi inayohesabiwa tatu tatu, swingi ya wawili wanaozungushana, na zile dansi za mistari ambazo watu husimama safu safu wakafanya hatua zilezile pamoja. Kila wimbo uliopendekezwa ulipaswa kuingia kwenye safu mojawapo. Usioingia popote, uliondoka, hata kama ni maarufu namna gani.

Tustepu ndiyo chakula kikuu cha usiku wa namna hii. Hatua zake ni mbili za haraka na mbili za taratibu; kwa hesabu zinakula mapigo sita. Wimbo wenyewe unahesabiwa nne nne. Kwa hiyo hatua na muziki vinaanza pamoja, vinaachana, kisha vinakutana tena kila baada ya mapigo 12. Hii ni habari njema kwa bendi: mchezaji wa tustepu hajali ukiongeza ubeti au gitaa likitembea kidogo, mradi mwendo usiyumbe. Niliwasha metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo kwa kasi unayoichagua, nikawa natembea hatua hizo mwenyewe huku rekodi ikilia. Nyimbo zilizonikalia miguuni zilikuwa kwenye mapigo kama 170 hadi 190 kwa dakika. Zaidi ya hapo nilikuwa nakimbia, chini ya hapo nasubiri mguu ushuke.

"The Gambler" ya Kenny Rogers iliingia vizuri kwenye safu hiyo, ingawa watu wengi huiona kama wimbo wa kuimba kwa pamoja tu. Ina jambo lake moja: njiani wimbo mzima unapanda nusu sauti, yaani hatua moja ndogo juu, na mpiga gitaa asiyejiandaa ataachwa. "Folsom Prison Blues" nayo haina ubishi. Johnny Cash aliirekodi mara ya kwanza mwaka 1955 bila drams kabisa, besi na magitaa ndiyo yanayosukuma. Nilimpigia mpiga drams wetu rekodi ile, nikamwambia, "Kaka, sikiliza, hapa wewe haupo na bado watu wanacheza." Alicheka, lakini mazoezini akaanza kupiga kwa brashi na kupunguza mbwembwe, na tustepu zetu zote zikapata nafasi ya kupumua.

Walzi hazikunisumbua. "Tennessee Waltz", iliyovuma sana kwa sauti ya Patti Page mwaka 1950, na "Could I Have This Dance" ya Anne Murray zilitosha kuwa nguzo, kisha tukaongeza chache. Tahadhari ni moja tu: si kila wimbo unaoyumba kwa tatu tatu ni walzi. Zipo balladi za taratibu ambazo kila pigo lake limegawanyika mara tatu; sikioni zinafanana na walzi, lakini ukijaribu kuzizungukia ukumbi unajikuta ama unaburuta miguu ama unaruka. Hizo niliziita za kukumbatiana, nikaweka mbili, basi.

Kazi kubwa ilikuwa dansi za mistari. Hapa mambo ni kinyume cha tustepu. Kila dansi ina idadi yake ya mapigo, mara nyingi 32, 48 au 64, kisha wachezaji wanageukia ukuta mwingine na kuanza upya. Nyingi zimetungwa juu ya rekodi maalumu. Kama rekodi ina kipande kifupi cha ziada katikati, mtunzi wa dansi ameweka hatua chache za kukijaza. Kama ubeti fulani umekatwa, amewaambia watu waanze upya mapema. Bendi ikipanga wimbo kwa namna yake, safu nzima inagongana.

Nilimwomba mwenye sherehe aniunganishe na mama anayewafundisha. Alinipokea vizuri, akanitajia dansi wanazozifahamu na rekodi wanazofanyia mazoezi. Halafu akasema, "Mwanangu, nyie wanamuziki mnapenda solo. Pigeni solo zenu kwingine. Kwenye dansi zetu, msituongezee wala msitupunguzie." Nilipomuuliza kuhusu "Boot Scootin' Boogie" ya Brooks & Dunn, swali lake la kwanza lilikuwa: toleo lipi? Maana mbali na rekodi ya kawaida kuna toleo refu la klabu, lililotoka kwenye albamu yao ya mwaka 1993. Wao walikuwa wakitumia la kawaida. Bila swali lile tungeweza kufanya mazoezi ya kitu kingine kabisa.

"Achy Breaky Heart" tuliiweka pia. Wanamuziki wenzangu walikunja sura, kwa sababu ina kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini wimbo huo wa Billy Ray Cyrus ulipotoka mwaka 1992 ulikuja na dansi yake, na ulisaidia sana kusambaza dansi za mistari. Ukumbi wa wachezaji wa kantri hauwezi kuukataa. Mimi binafsi sioni aibu kupiga kodi mbili kama watu wote wamesimama.

Nyimbo zikapatikana, ukabaki mpangilio. Wachezaji wa wawili wawili huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, wenye kasi nje, wa taratibu ndani. Wale wa mistari wanahitaji katikati pote. Ukiwachanganya kila wimbo, ukumbi unageuka kituo cha mabasi, watu wanaingia na kutoka wakipishana. Kwa hiyo nilipanga kwa mafungu: tustepu mbili, walzi moja, swingi moja, kisha dansi mbili za mistari mfululizo. Waliopumzika wanajua zamu yao inakuja, na hakuna anayekaa kitini muda mrefu.

Fungu la kwanza nililiweka kwenye mwendo wa wastani, kwa sababu magoti ya watu bado ni baridi. Nilijitahidi nyimbo mbili zinazofuatana zisiwe na ufunguo uleule, yaani sauti ileile ya msingi, maana masikio huchoka hata kama mtu hajui kwa nini. Pia niliepuka kumbebesha mwimbaji nyimbo tatu za sauti ya juu kwa mpigo. Urefu tuliuweka karibu na dakika tatu. Kwa mtu aliyeshikwa mkono na mchezaji asiyemzoea, dakika tano ni kifungo.

Kwenye karatasi ya kila mpigaji niliandika jina la wimbo, ufunguo, mapigo kwa dakika na herufi moja ya aina ya dansi. Mwimbaji ndiye aliyekuwa akitangaza dansi kabla ya wimbo: "Inayofuata ni walzi." Maneno matatu tu, lakini yanampa mtu nafasi ya kutafuta mwenza kabla muziki haujaanza.

Pembeni niliacha safu ya akiba, nyimbo mbili za kila aina, na usiku ule tulizitumia. Swingi hazikuvuta watu kama nilivyotarajia, walioingia walikuwa wachache na walewale. Kufikia fungu la pili niliinua vidole viwili kwa mpiga drams, ishara yetu ya tustepu, tukairuka swingi iliyokuwa imeandikwa na kuchukua tustepu ya akiba. Ukumbi ukajaa tena kabla ya kiitikio cha kwanza. Swingi iliyobaki tuliipiga mara moja tu, kwa ajili ya wale wachache walioijua vizuri, na walistahili.