Redio za upepo za njia ya Natron

Vumbi la kati ya Engaruka na Ziwa Natron ni la majivu ya volkano, jepesi kama unga. Gari la mbele likipita, la nyuma halioni kitu, kwa hiyo mnalazimika kuachana kilomita kadhaa. Na ukishaiacha Mto wa Mbu, simu ni ya kubahatisha. Safari yetu ya kwanza tulikuwa magari matatu. La mwisho likapata pancha, sisi wa mbele tukaendelea kupiga soga hadi karibu na Ol Doinyo Lengai ndipo tukashtuka kwamba hatuwaoni.

Niliporudi Arusha nikanunua redio tatu za mkononi, kila boksi limeandikwa kilomita 30. Labda mmoja asimame juu ya mlima huu na mwenzake juu ya ule! Ndani ya Land Cruiser, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, hazikuvuka kilomita mbili. Bati la gari linameza mawimbi.

Nikamfuata fundi anayefunga redio kwenye magari ya watalii, nikamwambia nataka ya wati nyingi. Akanijibu kwa swali: "Kaka, antena utaiweka wapi?" Nikaona ananizungusha. Kumbe ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mawimbi ya VHF (masafa ya megahezi 30 hadi 300) husafiri karibu yamenyooka. Yakikuta kilima mbele, hata ukitoka wati 25 ukapanda hadi 50, faida ni ndogo. Antena ikitoka kwenye bampa ikapanda juu ya paa, hapo utasikia tofauti. UHF, yenye masafa ya juu zaidi ya hayo, akaisifia kwa mjini na ndani ya majengo, nyikani akapendekeza VHF. Nilimuuliza pia kuhusu HF, yenye masafa ya chini ya VHF, ile inayofika mamia ya kilomita kwa kudunda angani. Bei yake ilinitosha kunyamaza, na magari matatu yanayofuatana hayaihitaji.

Basi tukafunga VHF za wati 25. Zile za mkononi sikuzitupa: tukifika korongoni mtu hushuka nayo akamwelekeza dereva.

Kwenye ufungaji nilijifanya mjuaji. Ya kwangu niliichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Kila nikibonyeza kuongea, sauti inakatika na oltaneta inalia ndani ya spika. Fundi akapeleka waya moja kwa moja kwenye betri, akaweka fyuzi karibu na betri. Antena ya sumaku nayo haikushika kwenye keria ya alumini, ikabidi tutoboe paa, na moyo uliniuma. Kwa masafa ya karibu na megahezi 150, antena ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi moja, ni kama nusu mita. Aliikata kidogo kidogo huku akitazama mita yake.

Jambo la kuanza nalo mapema ni leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Redio hizi za bei rahisi zinakubali karibu masafa yoyote unayoziwekea, na unaweza ukajikuta umeingia kwenye mawasiliano ya watu wa hifadhi au polisi. Sisi tulikuwa tumeshanunua kila kitu ndipo tukaanza kufuatilia makaratasi, tukaahirisha safari.

Tulipokwenda tena, tukikaribia kijiji cha Engare Sero, redio ikakwaruza: "Mzee, huku nyuma pancha tena."

"Sawa, badilisheni, tunawasubiri."

"Tairi la akiba mmelipakia kwenye gari lenu."