Siku moja maishani mwangu: kupiga picha yangeyange wakirudi kwenye viota, Tabora

Saa kumi alfajiri

Alamu ya kwanza naizima, ya pili ndo naamka nayo. Hapa Tabora wengi wananijua kwa harusi na picha za pasipoti, nina kachumba kangu ka picha pale Isevya, lakini mvua zikishakolea mpaka mwezi wa tatu hivi, Jumanne na Alhamisi zangu ni za ndege. Msimu huu kuna mtu anajenga nyumba ya wageni kaniagiza picha 12 kubwa za ukutani, zote ndege wakiwa angani. Mwanzoni alitaka korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, wa kule mabwawa ya Malagarasi, nikamwambia mzee wangu, kabla hatujaenda huko njoo nikuonyeshe yangeyange, yule ndege mweupe wa kufuata ng'ombe, akiwa anatua kwake, ukimkataa tutaongea. Hajamkataa.

Chai ya rangi, matobolwa na karanga. Matobolwa mengine naweka kwenye mfuko, maana ni chakula cha dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, hayachafui mikono na hayalii kama mfuko wa biskuti. Betri mbili zimejaa, kadi ni tupu, kioo cha lenzi nimekifuta jana usiku. Natoka.

Saa kumi na moja

Boda wangu anajua haya mambo, hapigi honi na anazima pikipiki mbali. Ni kama dakika 40 kwenye barabara ambayo mvua imeifanya tope tupu. Kijiji sitakitaja, niseme ni Uyui tu inatosha, kwa sababu nimeshaona ndege wakijulikana walipo wanakuja watu wa manati na watu wa simu, na wote wawili wanaleta madhara.

Saa kumi na mbili

Bado giza. Huku kwetu magharibi mwezi wa pili jua linachelewa, linachungulia inapokaribia saa moja. Mwenye shamba yuko nje na tochi yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wameshaamka hao, wasikilize."

Nasikiliza. Sauti ya yangeyange mia mbili wakiamka ni kama watu wengi wanasukutua maji kooni kwa pamoja. Wako kwenye migunga minne ukingoni mwa mbuga, lile bonde la mpunga, migunga imesimama ndani ya maji ya mvua, majani ya chini yamekuwa meupe kwa kinyesi kama yamepakwa chokaa, na harufu unaikuta kabla hujafika. Kuna mnandi wachache na kwarara kama jozi sita, ila wenye mji ni yangeyange.

Mimi nakaa kwenye dungu la babu. Mpunga saivi ni mchanga, hakuna kwelea wa kufukuza, kwa hiyo dungu halina mtu mpaka mwezi wa nne. Limejengwa kwa ajili ya kufukuza ndege na mimi ndo nawapigia picha humo humo, na babu amelikubali hilo kwa moyo kabisa kwa sababu anajua yangeyange hagusi mpunga, anakula panzi na vyura. Liko mashariki ya migunga, kama mita 40, na urefu wake unanilinganisha na viota vya katikati. Hiki ndo kitu ninachokishukuru kuliko lenzi yenyewe, maana ukipiga ndege kutoka chini unapata tumbo na anga, ukilingana naye unapata jicho.

Naingia giza likiwepo ili wasinione nikija. Natundika gunia mbele, natoboa sehemu ya lenzi, nakaa.

Saa moja asubuhi

Jua linatoka nyuma ya mgongo wangu na linawapiga wao usoni. Sasa ngoja nieleze kidogo hapa kwa sababu naulizwa sana. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, naiweka 1/2500 ya sekunde, chini ya hapo ncha ya bawa inatikisika hata kama mwili umetulia. Asubuhi hii ISO, ile namba ya kamera kuona kwenye mwanga hafifu, inapanda mpaka 3200 na chembechembe zinaonekana, mi nakubali chembechembe kuliko bawa lililokufa. Fokasi naiweka ile ya kufuatilia, na nashika ndege mapema akiwa bado mbali mdogo kwenye fremu, nakwenda naye, kiuno ndo kinazunguka sio mikono, na kidole nabonyeza akishaanza kushusha miguu.

Ila shida ya yangeyange ni weupe. Kamera ukiiachia ipime mwanga yenyewe, akipita mbele ya majani meusi inaona giza, inaongeza mwanga, manyoya yanaungua, unapata karatasi nyeupe yenye mdomo. Akipanda juu akaingia kwenye anga jeupe inapunguza, anageuka wa kijivu. Ndege ni yule yule na jua ni lile lile! Kwa hiyo naweka kila kitu kwa mkono, napima kwa yangeyange aliyetulia juani, napunguza mwanga kidogo kidogo mpaka ile alama ya kumeta kwenye kioo cha kamera iache kumeta kifuani kwake, basi, apite kwenye majani au apite kwenye anga sihangaiki tena mpaka jua lenyewe libadilike. Mwaka juzi sikulijua hili vizuri na niliharibu wiki mbili nzima za msimu, inaniuma mpaka leo.

Saa mbili

Hapa ndo penyewe. Upepo umeanza kutoka mashariki, nyuma yangu, na ndege wote wanatua wakiupinga upepo, kwa hiyo kila anayerudi ananijia uso kwa uso. Jua nyuma yako na upepo nyuma yako, hiyo ndo asubuhi ya kuombea.

Kuna kiota kimoja tawi la tatu nakifuata toka Alhamisi iliyopita. Dume ndo analeta vijiti, kimoja kimoja, na jike ndo anajenga. Saivi wana rangi zao za kuzalia, utosi, kifua na mgongo vimekuwa rangi ya chungwa iliyopauka, na mdomo ule wa njano kwenye siku za kuchumbiana unaiva mpaka wekundu. Dume akija na kijiti jike anasimamisha manyoya ya mgongoni, wanaguna, anakipokea, halafu anakiingiza kwenye kiota huku kichwa kinamtetemeka, anakisukuma kwa mtetemo mpaka kikae. Wakiondoka wote wawili hata kidogo, jirani anaiba vijiti. Nimeona kijiti kimoja kikibadilisha viota vitatu asubuhi moja.

Leo dume kaja na kijiti chenye majani mawili. Nikamshika kwa fokasi akiwa bado juu ya majaruba ya mpunga, shingo kaikunja kama wanavyoikunja wakiruka safari, akaja, akaja, akafungua mabawa yote, akashusha miguu, na pale kwenye kiungo cha bawa lile nyoya dogo la dole gumba likasimama peke yake. Lile nyoya ndo linamsaidia asidondoke akipunguza mwendo. Mwanga ukalipiga bawa ukahesabu kila nyoya. Nimebonyeza fremu 11. Sikuziangalia hapo hapo, ukianza kuangalia kioo ndo anakuja mwingine bora zaidi, lakini mwili ulinisisimka, nilijua.

Saa tatu

Niseme kitu kinachoniumiza. Wiki mbili zilizopita nilimleta hapa mtu aliyeniomba nimfundishe, analipa, ana kamera nzuri kuliko yangu. Tulikaa saa moja na nusu, akachoka kusubiri, nikashtukia kapiga makofi na karusha bonge la udongo kwenye maji chini ya migunga. Wakaruka wote. Akapiga zake, akafurahi, picha imejaa ndege kila kona. Kunguru wawili walikuwa wameshaingia kabla hata hajashusha kamera, niliona mayai mawili yakienda kwa macho yangu, yale mayai ya samawati iliyopauka, na yai la yangeyange linaatamiwa siku kama 23 au 24, baba na mama kwa zamu. Nikamwambia kaka tufunge, na hela yake nilimrudishia.

Na picha zile ukiziangalia vizuri unaona. Ndege anayekimbia shingo imenyooka, miguu inaning'inia hovyo, mwingine kamwaga kinyesi, mabawa yamegongana, na hakuna hata mmoja anayeangalia anapokwenda, wote wanaangalia wanapotoka. Ndege anayerudi jicho lake liko kwenye kiota. Mi naitafuta hiyo ya pili, na hiyo hailetwi na makofi, inaletwa na kukaa.

Saa nne na nusu

Nafunga. Jua likipanda hewa juu ya maji inaanza kucheza, mazigazi, na lenzi ndefu inayaona kabla ya jicho, kila picha inatoka laini kama imepakwa mafuta. Halafu saa hizi mzazi anasimama juu ya vifaranga amefungua mabawa kuwapa kivuli, na kifaranga asiye na manyoya akiachwa juani hakawii kufa. Kwa hiyo kushuka dunguni ni wakati wa hatari, nashuka upande wa nyuma, polepole, nainama mpaka kwenye miembe.

Nampita mtoto wa babu akichunga, ng'ombe kama 20, na karibu kila ng'ombe ana yangeyange wake miguuni. Kananiuliza, "Dada, hivi hawa wanakula kupe?" Nakaambia kaangalie mdomo, ng'ombe akipiga hatua panzi anaruka, ndege anadaka. Nikamwambia pia kwamba ndege hawa wa kwetu walivuka bahari kubwa wenyewe kwa mabawa, miaka ya 1870 wakaonekana Amerika Kusini, na mwaka 1953 wakakutwa na viota Florida kule Marekani. Akamwangalia yangeyange aliyekuwa karibu naye kwa muda mrefu.

Saa sita mpaka saa tisa

Mjini. Picha za pasipoti nne, mteja mmoja wa ubatizo, wali na maharage. Naingiza picha kwenye kompyuta: fremu 862 za asubuhi. Nafuta bila huruma, jicho likiwa halina fokasi inaondoka hata kama bawa ni zuri kiasi gani. Zinabaki 19. Ile ya kijiti ipo, ya saba kati ya zile 11, majani mawili yanaonekana mpaka mishipa.

Saa kumi na moja jioni

Nimerudi, na sasa niko upande wa pili, kaskazini magharibi ya migunga, nimekaa kwenye tuta la jaruba na gunia begani. Jua liko nyuma ya bega langu la kulia. Mbele, nyuma ya miti, wingu limefunga kuanzia mashariki mpaka kusini, jeusi la mvua kubwa, na upepo wa mvua ukaanza kutoka kushoto kwangu.

Ndege wa malishoni wakaanza kurudi kwa makundi ya watano, kumi, wamepanga mstari. Wakifika karibu wanageuka kuupinga upepo, na upepo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba walikuwa wamesimama hewani, wanapiga mabawa na hawasogei, weupe kabisa juani na nyuma yao wingu la rangi ya mkaa. Kamera ingejipimia yenyewe ingeona ule weusi ikawaunguza wote. Nilikuwa nimeshapima kifuani kwa wa kwanza. Dakika kumi na tano hivi nimepiga mpaka mkono unatetemeka, mmoja akapita juu ya wenzake akatua kwake, vifaranga wanaruka ruka kugombania mdomo wake, wanaung'ang'ania wauvute chini ili atapike chakula.

Radi ya kwanza ikapiga mbali. Nikafunga kila kitu nikakimbilia kwa babu, huwezi kukaa mbugani na radi. Mvua ikatukuta mlangoni.

Saa tatu usiku

Babu alinikalisha mpaka mvua ikapungua, na kabla sijaondoka nikamwonyesha ile ya kijiti kwenye kioo cha kamera. Akaivuta karibu na kibatari. Akauliza ni mgunga upi. Nikamwambia wa pili, tawi la tatu. Akasema kile kijiti ni cha mwembe wake wa nyuma ya nyumba, anayajua majani yake.

Nimefika nyumbani nimelowa. Betri ziko kwenye chaji, kadi nimenakili sehemu mbili, lenzi nimeiweka wazi ikauke kabla ya kuirudisha kwenye mfuko maana ukungu ukiingia ndani ya vioo hautoki. Kwenye daftari nimeandika: viota 71, vifaranga wameonekana kwenye 38, kunguru wawili bado wapo. Alhamisi nataka nijue kile kiota cha tawi la tatu kimestahimili upepo wa leo au la.