Matoke, posho na kihisi kwenye mkono wa mama

Mama yangu ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka tisa, na katika kliniki za hapa Jinja, Uganda, amepewa ushauri uleule kila mara: apunguze wanga, hasa matoke. Mwezi uliopita dada yangu alimletea kutoka Uingereza kihisi kidogo kinachobandikwa nyuma ya mkono, ambacho uzi wake mwembamba hupima sukari katika majimaji yaliyo chini ya ngozi, usiku na mchana, kwa siku kumi na nne. Kwa kuwa majimaji hayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, tulijifunza kutazama mchoro mzima badala ya kushtushwa na namba moja.

Mchoro huo ulitushangaza. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke, yakaliwa na maharage na mchuzi wa karanga, hayakumpandisha sukari zaidi ya 9.6 (milimoli kwa lita), ilhali posho, yaani ugali wa mahindi, ya mchana, sahani ileile, ilimfikisha 13.8. Siku aliyotembea hadi sokoni baada ya kula posho, mlima ule wa kwenye mchoro ulikuwa mfupi. Mama alitazama simu akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nimejinyima matoke bure?" Nilikosa jibu, na swali hilo bado linaniuma.

Mwaka 2015 Eran Segal na Eran Elinav wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwavalisha vihisi watu 800 kwa wiki moja na kufuatilia milo zaidi ya 46,000. Walionyesha kwamba chakula kimoja humpandisha huyu sukari na kumwacha yule, kisha wakaifundisha kompyuta kutabiri mwitikio wa kila mtu kutokana na vipimo vya damu, mazoea yake na bakteria wa utumbo wake. Naiamini kazi hiyo. Hata hivyo, modeli ya kompyuta hujua kile tu ilichofundishwa. Programu ya simu tuliyoijaribu haikulijua jina la kalo, ugali wetu wa ulezi, ikatutaka tuchague mkate. Wala haikuwa na namna ya kuandika chakula cha sinia moja kinacholiwa na watu watano, ambacho hakuna anayekipima kwa gramu. Ndiyo maana natamani watafiti wetu wakusanye milo ya hapa, katogo (matoke yaliyochanganywa na mboga au nyama katika chungu kimoja) na viazi vitamu vikiwemo, kutoka kwa wagonjwa wa hapa, kabla utabiri wa kompyuta haujaingizwa katika kliniki zetu.

Kihisi ni ghali, nasi hatuwezi kununua kingine kila baada ya wiki mbili. Kliniki ingeweza kumvalisha mgonjwa kimoja kwa mwaka, ikasoma mchoro pamoja naye, na ushauri wake ukaandikwa upya kutokana na hapo. Mama hakugusa dozi ya dawa zake. Alimpelekea daktari mchoro, wakakubaliana kupunguza posho na kurudisha matoke mara tatu kwa wiki. Sasa anatumia mashine ya kawaida ya kutoboa kidole, kabla ya mlo na saa mbili baadaye, na namba zote anaziandika katika daftari la shule la mjukuu wake.