Tuliomba, kisha tukapiga 116

Wiki tatu nzima kikundi chetu cha maombi hapa Kisauni, Mombasa, tulimkemea shetani kwa ajili ya binti mmoja wa kazi, ploti ya pili kutoka kwangu. Umri wake kama miaka kumi na miwili. Alfajiri unamsikia akisugua masufuria, jioni unamsikia akilia. Sisi tunafunga, tunakesha, sauti zimekauka.

Alhamisi mama mmoja mzee, yule asiyependa makelele, akafungua Nehemia 4:9 na kusoma polepole: walimwomba Mungu, wakaweka na walinzi. Akafunga Biblia. "Haya wanangu, maombi yapo. Mlinzi ni nani?"

Kimya. Nilijifanya natafuta miwani, na miwani iko usoni.

Tukapiga 116, simu ya msaada kwa watoto, haikatwi hata senti. Mkono wangu ulitetemeka, maana mwenye nyumba ile ni jirani, tunaazimana hata jiko la makaa. Kesho yake asubuhi tukaenda kwa chifu, wanne, na leso zetu.

Binti ametolewa. Jirani hanisalimii.

Jana matatu ilikwama Kengeleni nikaitazama ile kengele ya zamani ya Freretown. Freretown ilianzishwa miaka ya 1870 na wamishonari kwa watu waliookolewa utumwani. Wazee husimulia kwamba kengele iliita watu ibadani, na ikawaonya pia wakija wakamata watumwa. Kengele ileile! Kondakta akaniuliza, "Mathe, washuka ama?"